Dawa za mchanganyiko za maumivu: Hesabu kilichomo, si jina la pakiti

MAUMIVU hayabishi hodi. Jino huanza kuuma usiku wa manane, mgongo hukaza baada ya siku nzima ya kubeba mizigo, na kichwa hugonga kama nyundo ukiwa ndani ya matatu. Aghalabu mtu hukimbilia duka lililo karibu, akaitisha dawa kwa jina alilolizoea, akaimeza kisha akaendelea na shughuli zake.

Kwa mtu mzima mwenye afya, tembe mbili zilizomezwa ipasavyo kwa kawaida hazina neno. Hatari huanza pale maumivu yanapokataa kutulia na mgonjwa akaamua kubadilisha dawa: asubuhi hii, mchana ile, jioni nyingine tena. Machoni pake ametumia dawa tatu tofauti. Ini lake, ambalo halijui kusoma majina ya pakiti, limepokea dawa moja mara tatu.

Kilichomo ndani ya tembe

Dawa ya mchanganyiko ni ile ambayo tembe yake moja imebeba dawa mbili au zaidi. Nyingi kati ya zile za kutuliza maumivu huwa na parasetamoli, ikiambatana na aspirini, ibuprofeni, kafeini au kodeini. Tembe ya Panadol Extra, mathalan, huwa na miligramu 500 za parasetamoli na miligramu 65 za kafeini, ilhali Panadol ya kawaida huwa na parasetamoli pekee.

Kuna sababu nzuri ya kuzichanganya. Parasetamoli na ibuprofeni hupambana na maumivu kwa njia tofauti, hivyo zikitumiwa pamoja kwa kipimo sahihi huweza kuleta nafuu kubwa kuliko moja pekee. Kafeini, ambayo ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika chai na kahawa, huiongezea dawa nguvu kidogo. Kodeini ni ya jamii ya afyuni. Hutuliza maumivu makali, lakini pia huleta usingizi, hufunga choo na huweza kumgeuza anayeitumia kwa muda mrefu kuwa mtumwa wake.

Zaidi ya hizo, ziko dawa nyingi za mafua ambazo zina parasetamoli ndani yake, ingawa mnunuzi huzichukulia kuwa ni za pua na kikohozi tu.

Hesabu inayodanganya

Kipimo cha juu kabisa cha parasetamoli kwa mtu mzima ni gramu 4, yaani miligramu 4,000, katika muda wa saa 24. Hizo ni tembe nane za miligramu 500. Tembe mbili humezwa kwa wakati mmoja, na ni lazima zipite angalau saa nne kabla ya kumeza nyingine. Mwenye uzani wa chini ya kilo 50, aliyedhoofika kwa kukosa chakula, mnywaji sugu wa pombe na mwenye maradhi ya ini huhitaji kipimo kidogo zaidi, na yafaa aelekezwe na daktari.

Sasa tumchukue mtu anayeumwa na jino, naye ana mafua. Asubuhi anameza tembe mbili za parasetamoli ya kawaida. Baadaye anapewa tembe mbili za mchanganyiko wa parasetamoli na ibuprofeni. Alasiri anatumia tembe mbili za mafua. Jioni anarudia zile za kwanza, na kabla ya kulala anarudia zile za mchanganyiko. Iwapo kila moja ina miligramu 500 za parasetamoli, basi amemeza tembe kumi zenye jumla ya miligramu 5,000.

Mtu huyu hakuvuka kipimo cha dawa yoyote kati ya hizo tatu. Akiulizwa na daktari, atajibu kwa moyo mweupe kwamba alifuata maagizo ya kila pakiti. Hata hivyo, amezidisha kiwango cha siku kwa miligramu 1,000. Na iwapo jino litaendelea kumsumbua kesho na keshokutwa, atazidisha tena na tena.

Utata huongezeka pale dawa inapoletwa na jamaa aliye ng'ambo. Nchini Marekani, parasetamoli huitwa Acetaminophen, na jina hilo ndilo lililochapishwa kwenye chupa za Tylenol. Mtu anayemeza dawa hiyo pamoja na Panadol hachanganyi dawa mbili; anarudia ile ile moja kwa majina mawili.

Ini na figo

Ini huivunja parasetamoli ili itoke mwilini. Sehemu ndogo yake hugeuka sumu, lakini ini lina akiba ya kemikali inayoizima sumu hiyo papo hapo. Dawa inapozidi, akiba hiyo huisha, na sumu iliyosalia huanza kuziua chembechembe za ini lenyewe.

Jambo la kutisha ni kwamba mwathiriwa huenda asihisi chochote siku ya kwanza, au akapata kichefuchefu kidogo tu. Maumivu chini ya mbavu za kulia na macho kugeuka manjano huweza kujitokeza baada ya siku moja au zaidi, wakati ini tayari limeumia.

Tatizo hili si la Kenya pekee. Mnamo Januari 2011, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliwataka watengenezaji wa dawa za mchanganyiko zinazotolewa kwa cheti cha daktari wasizidishe miligramu 325 za parasetamoli katika kila tembe. Nia ilikuwa kupunguza visa vya watu kuharibika ini.

Figo nazo zina historia yake. Kwa miongo mingi ya karne iliyopita, mchanganyiko uliovuma katika nchi nyingi ulikuwa wa aspirini, fenasitini na kafeini. Wapo waliozitumia tembe hizo kila siku, kama mtu anavyokunywa chai. Mnamo 1953, watafiti wa Uswisi walihusisha utumiaji huo wa kupindukia na maradhi ya figo. Fenasitini iliondolewa sokoni katika nchi mbalimbali, ikiwemo Marekani mnamo 1983. Dawa hiyo imekwenda, lakini funzo lake limebaki: dawa inayouzwa bila cheti cha daktari si dawa isiyodhuru.

Leo figo huumizwa zaidi na jamii ya ibuprofeni, diklofenaki na aspirini, hasa mwili unapokosa maji kwa sababu ya kuhara, kutapika au kazi nzito juani. Dawa hizo pia huweza kuchubua tumbo na kusababisha vidonda vinavyovuja damu. Kwa hivyo, aliyedungwa sindano ya diklofenaki zahanatini hapaswi kurudi nyumbani na kumeza ibuprofeni juu yake bila kumuuliza mhudumu aliyemtibu.

Wanaopaswa kujihadhari

Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au ya moyo asimeze mchanganyiko wenye aspirini au ibuprofeni kabla ya kuidhinishiwa na daktari. Mwenye pumu naye aulize kwanza, kwa kuwa baadhi yao hubanwa na kifua wanapozitumia. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda yumo katika hatari ya kuvuja damu, na anayetumia dawa za shinikizo la damu, hasa zikiambatana na zile za kuongeza mkojo, anaweza kuziumiza figo zake.

Mama mjamzito asitumie ibuprofeni kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito, wala asimeze mchanganyiko wowote bila ushauri wa kliniki. Mama anayenyonyesha aepuke kodeini, kwa kuwa hupenya katika maziwa na huweza kumdhuru mtoto.

Watoto wasipewe kamwe tembe ya mchanganyiko ya mtu mzima, hata ikikatwa nusu. Kipimo cha mtoto hutegemea uzani wake, na shurubati hupimwa kwa kifaa kilichomo pakitini, si kwa kijiko cha jikoni. Aliye chini ya umri wa miaka 16 asipewe aspirini ila kwa amri ya daktari, kwani inahusishwa na ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ubongo na ini. Kodeini nayo haifai kwa aliye chini ya miaka 12.

Wakazi wa Pwani wana sababu ya ziada ya kuwa macho. Homa ya dengi, ambayo ililipuka Mombasa mnamo 2013 na 2017, huanza kwa joto la mwili na maumivu makali ya kichwa na viungo. Mgonjwa wa dengi huweza kuvuja damu, hivyo aspirini na ibuprofeni humzidishia hatari. Mwenye homa ambayo chanzo chake hakijajulikana atumie parasetamoli pekee huku akienda kupimwa. Akumbuke pia kwamba dawa ya kushusha homa haitibu malaria. Huificha tu kwa saa chache.

Dawa inapozaa ugonjwa

Kuna watu ambao huamka na kichwa kinachouma, wakameza dawa, wakapata nafuu, kisha kikarudi kesho yake. Huamini kwamba maradhi yao ni sugu, ilhali huenda dawa yenyewe ndiyo inayoyachochea. Madaktari hukishuku kisa hiki mtu mwenye tatizo la kichwa anapotumia dawa za mchanganyiko kwa siku 10 au zaidi kila mwezi, kwa muda unaozidi miezi mitatu.

Tiba yake huanza kwa kuiacha dawa hiyo, ingawa kichwa huweza kuuma zaidi kwa siku kadhaa kabla ya kutulia. Aliyezoea yenye kodeini asiiache ghafla bila msaada wa daktari. Njia rahisi ya kujichunguza ni kuweka alama kwenye kalenda kila siku unapomeza tembe. Mwisho wa mwezi, kalenda itakwambia ukweli.

Dukani na nyumbani

Kwenye vibanda vingi, tembe hukatwa kwa makasi na kuuzwa mbili mbili. Mnunuzi huondoka na kipande kisicho na orodha ya kilichomo wala tarehe ya kuharibika. Ni afadhali kununua pakiti nzima katika duka la dawa lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, ambako unaweza kumuuliza mfamasia maswali matatu: Ndani yake mna nini? Kila tembe ina miligramu ngapi? Je, inapatana na dawa ninazotumia tayari?

Nyumbani, andika saa na idadi ya tembe ulizomeza, kwa kuwa mtu mwenye maumivu husahau upesi. Usichanganye dawa hizi na pombe. Ikiwa ina kafeini, punguza chai, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, la sivyo utakesha na moyo ukikuenda mbio. Ikiwa ina kodeini, usiendeshe gari wala bodaboda. Pakiti zote ziwekwe pahali ambapo watoto hawafiki.

Maumivu yakizidi siku chache bila kupungua, ni wakati wa kumwona daktari badala ya kuongeza dawa. Kichwa kinachouma ghafla kwa ukali usio wa kawaida, au kinachoandamana na shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa au upande mmoja wa mwili kukosa nguvu, ni cha kukimbizwa hospitalini. Ndivyo ilivyo pia kwa mama mjamzito ambaye kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu.

Na iwapo wewe au jamaa yako amezidisha kipimo, msisubiri dalili. Mpelekeni hospitalini mara moja mkiwa na pakiti zote za dawa alizotumia. Ipo dawa ya kuzima sumu ya parasetamoli, iitwayo asetilisisteini, nayo hufanya kazi vyema zaidi ikitolewa ndani ya saa nane tangu dawa imezwe. Anayelala akisubiri kuona kutakavyokucha huenda akaipoteza fursa hiyo.

Kabla ya kumeza tembe nyingine leo, geuza pakiti usome yale maandishi madogo ya upande wa nyuma. Jina kubwa la mbele ni la mwenye kuuza. Hayo madogo ndiyo yanayokuhusu wewe.