Mambo Msiige: Nyumba ya Shangani na Wapangaji Wake

Shangani, pale Mji Mkongwe wa Unguja unapochomoza baharini, ipo nyumba ambayo jina lake ni sentensi nzima: Mambo Msiige. Aliyeipa jina hilo hakuwa akisema na mtu mmoja. "Msiige" ni neno la kuwaambia wengi, na wengi hao walikuwa majirani, wafanyabiashara wenzake, na mji wote uliopita chini ya madirisha yake. Haya niliyoyafanya, alisema, msiyaige, maana hamtayaweza.

Leo nyumba hiyo ni sehemu ya hoteli ya kifahari. Mgeni anayelala humo huamka akaona majahazi, kama alivyoyaona mwenye nyumba wa kwanza. Kati ya wawili hao imepita zaidi ya miaka 150, na wapangaji wa kila namna. Ni vyema tuwafuate mmoja mmoja, kwa sababu watu wakibishana kuhusu majumba ya kale kugeuzwa hoteli, aghalabu huzungumza kana kwamba nyumba ilikuwa ya wenyeji hadi jana, na leo asubuhi ndiyo imechukuliwa na wageni.

Mambo Msiige ilijengwa kati ya 1847 na 1850 na Sheikh Salim al-Harthi. Waharthi walikuwa ukoo wa Kiomani wenye mizizi mirefu Unguja, wenye mali na wenye neno. Sultani Seyyid Said alipohamishia makao yake kisiwani aliwakuta hapo, na heshima baina ya Waharthi na ukoo wake wa Albusaidi daima ilikuwa na ncha kali. Mwaka 1859, Barghash alipojaribu kumpindua kaka yake, Sultani Majid, Waharthi walikuwa upande wa Barghash. Ukikumbuka hayo, jina la nyumba linapata uzito mwingine. Kujenga jumba la namna hiyo ufukweni, mbele ya macho ya kila nahodha anayeingia bandarini, kulikuwa ni kuuambia mji kwamba ufahari si wa kasri la Sultani peke yake.

Wazee husimulia kwamba chokaa ya kuta zake ilichanganywa na ute wa mayai maelfu kwa maelfu, na kwamba watumwa walizikwa hai ndani ya kuta ili nyumba isimame imara. Hekaya kama hizo zimeganda kwenye majumba mengi ya pwani. Hata ukiziweka kando, fedha iliyolipia boriti na milango ilitoka kwenye karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Shangani yote ilisimama juu ya biashara hiyo, na hatua chache tu kutoka mlangoni kipo kiwanja cha Kelele, ambacho hutajwa kuwa soko la watumwa la zamani.

Mpangaji wa kwanza mwenye sifa alifika mwaka 1864. Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA, chama kilichozaliwa kwa mwito wa Livingstone katika vyuo vikuu vya Uingereza, walikuwa wameshindwa kwenye mto Shire, huko Malawi ya leo, wakaamua kuanza upya Unguja. Askofu William Tozer alikuja na rafiki yake, Edward Steere, wakapanga nyumba hii ya Shangani. Sultani Majid akawapa wavulana watano waliookolewa kutoka jahazi la watumwa, na hao ndio wakawa wanafunzi wao wa mwanzo.

Hapo ndipo nyumba hii inapotugusa sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili. Steere alikaa na watu wa mji akiwauliza maneno, akiandika hadithi kama alivyosimuliwa, akipanga ngeli na vitenzi. Mwaka 1870 ukatoka mwongozo wake wa lugha ya Kiswahili, na mwaka huo huo mkusanyo wake wa hadithi za Unguja. Miaka 58 baadaye, mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kazi iliyoanzia Shangani ilikuwa mojawapo ya nguzo za uamuzi huo. Nyumba iliyokatazwa kuigwa ikawa mahali ambapo mgeni alijifunza kuiga matamshi ya wenyeji, hata wenyeji wengine wa Afrika Mashariki wakaja kufundishwa lugha yao kwa vitabu vya namna hiyo.

Katika miaka ya 1870 akahamia mpangaji mwenye nguvu zaidi: ubalozi wa Uingereza. Balozi John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyesafiri na Livingstone kwenye mto Zambezi, alikuwa amemshinikiza Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa. Unguja ilikuwa bado na Sultani wake, bendera yake na jeshi lake, lakini maamuzi mengi yalianza kupita kwanza kwenye ofisi ya balozi. Mwaka 1890 Uingereza ilipoitangaza Unguja kuwa nchi ya himaya yake, tangazo hilo liliweka tu kwenye karatasi jambo ambalo watu wa Shangani walikuwa wakiliona kwa macho.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nyumba ikawa kwa muda hospitali ya Wazungu, kisha ofisi za serikali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilibaki serikalini, na kwa miaka mingi ilikuwa ofisi ya Mrajis Mkuu. Huo ndio wakati pekee katika historia yake ambapo mtu yeyote wa Unguja aliweza kupanda ngazi zake bila kuitwa. Aliyezaliwa, aliyeoa, aliyefiwa, jina lake liliandikwa ndani ya vitabu vya nyumba hiyo. Kuta zilibambuka lipu, boriti zikaingia mchwa, lakini mlango ulikuwa wazi.

Na kubambuka lipu hakukuwa kwa nyumba hiyo peke yake. Baada ya Mapinduzi, majumba mengi ya Mji Mkongwe yalitaifishwa au kuachwa na wenyewe waliokimbia, yakagawanywa kwa familia zilizotoka Ng'ambo na mashamba. Nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja ikawa na familia tano au sita, kila moja na jiko lake, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuziba paa. Mji wa mawe ya matumbawe hauvumilii paa linalovuja. Mawe hayo ni mepesi na yana vitundu. Yakishiba maji, chokaa hulainika na ukuta hufumuka kutoka ndani. Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe ilipoundwa mwaka 1985, nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kuanguka. Mpango mkuu wa hifadhi ulikamilika mwaka 1994 kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, na mwaka 2000 UNESCO ikauandika mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mpango ulikuwepo na sheria ilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa fedha, kwa kuwa bei ya karafuu ilikuwa imeanguka na serikali haikuweza kutengeneza hata nyumba zake yenyewe. Mtalii ndiye aliyekuja na fedha, na ndiyo maana kuanzia miaka ya 1990 mafundi wengi wa Mji Mkongwe wamekuwa wakilipwa na hoteli.

Kuigeuza nyumba ya mawe kuwa hoteli si kazi ya kupaka rangi. Boriti za mikoko hazizidi urefu wa mita tatu hivi, kwa hiyo vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba. Ukipanga kitanda kikubwa na kabati, mgeni anapita kiubavu. Zamani choo na maji vilikaa mahali pamoja, mbali na vyumba vya kulala. Hoteli inataka bafu katika kila chumba, na kila bafu ni mabomba yanayopita ndani ya ukuta ambao adui yake mkuu ni maji. Bomba moja likivuja kimyakimya kwa mwaka mmoja hufanya uharibifu wa masika kumi. Kisha kuna saruji. Mkandarasi mwenye haraka huipenda kwa kuwa inakauka upesi, lakini ukuta wa matumbawe unahitaji kupumua. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu na chumvi ya bahari hufungiwa ndani na kuula. Fundi anayejua kazi yake hurudi kwenye chokaa iliyochomwa na kulowekwa kwa muda mrefu. Jengo likipata mwekezaji mvumilivu, fundi huyo huwa na mwanafunzi pembeni yake, na ujuzi unavuka kizazi.

Wa mwanzo waliofanya hivyo walianza kwa kiasi. Kule Hurumzi, nyumba inayohusishwa na tajiri wa forodha Tharia Topan ilifanywa hoteli ndogo katika miaka ya 1990, yenye paa la kulia chakula huku adhana ikisikika kutoka misikiti ya pande zote. Mtaa huo wenyewe hubeba jina linalotokana na uhuru, kwa kuwa hapo ndipo wamiliki walipolipwa fidia baada ya amri ya 1897 ya kukomesha utumwa. Shangani, klabu ya Waingereza iliyoanzishwa mwaka 1888, ambayo Mwafrika aliingia kama mtumishi tu, ikawa Africa House, nayo sasa ni hoteli ambako watu wa rangi zote huketi kulitazama jua likizama. Jirani yake, jumba la kampuni ya simu za chini ya bahari likawa hoteli nyingine kubwa.

Ilipofika zamu ya Mambo Msiige, mambo yalibadilika kipimo. Hoteli iliyofunguliwa mwaka 2015 ina vyumba 67, na jumba la Sheikh Salim peke yake lisingeweza kuvibeba. Kwa hiyo pembeni yake, kwenye sehemu iliyokuwa wazi kuelekea baharini, likasimamishwa jengo jipya. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake kuhusu ukubwa wa jengo hilo na jinsi linavyobadilisha sura ya mji unapoutazama kutoka baharini. Wakaazi wa Shangani walikuwa na lalamiko la karibu zaidi: pale palikuwa pao pa kupunga upepo, na vijana walikuwa wakicheza mpira na kuogelea pale.

Kwa wanaotetea hoteli, hoja iko mbele ya macho yao, mwendo wa dakika chache tu. Beit al-Ajaib, kasri la Barghash la 1883, halikufanywa hoteli. Lilibaki mali ya umma, likawa makumbusho, likangojea matengenezo, na tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, sehemu yake ikaporomoka na kuua watu wawili. Anayesema kwamba jumba la kale liachwe tu kwa serikali ana wajibu wa kwanza kulijibu hilo. Mambo Msiige imesimama, kuta zake ni kavu, na milango yake imetunzwa. Kwa kipimo cha mawe, nyumba imepona.

Lakini nyumba ya Mji Mkongwe haikuwahi kuwa mawe tu. Nje ya mlango palikuwa na baraza, na baraza ni ya mwenye nyumba na ya mpita njia pia. Hata tajiri mwenye majigambo kama ya Sheikh Salim alihitaji mji umtazame, na mji ulihitaji mahali pa kusimama ili umtazame. Misheni, balozi, hospitali na mrajis wote walikaa ndani ya kuta alizoziacha. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kuujenga ufukwe. Kwa hiyo kosa halimo katika mgeni kulala ndani ya nyumba. Wageni wamelala humo tangu 1864. Kosa ni kuuhesabu uwanja kuwa sehemu ya bei ya ukuta, ukuta ukaokolewa na uwanja ukaliwa.

Somo hilo bado lina kazi, kwani majumba yanayongoja mwekezaji ni mengi, kutoka Malindi hadi Mkunazini, na mengine Bagamoyo, Pangani, Lamu na Mombasa. Mamlaka zinazotia sahihi mikataba ziweke masharti matatu kabla ya kuulizia idadi ya vyumba. La kwanza, idadi hiyo iamuliwe na nyumba iliyopo, si na hesabu za benki. La pili, kazi ifanywe kwa chokaa na mafundi wa hapa, na vijana wafundishwe humo humo. La tatu, baraza, kichochoro na njia ya kwenda pwani vibaki mikononi mwa mtaa, kwa maandishi, kama vilivyokuwa kabla ya mkataba.

Mwekezaji atakayeona masharti hayo ni magumu, asilaumiwe akienda kwingine. Nyumba ya Shangani ilikwisha kutoa onyo lake tangu 1850, kwa Kiswahili chepesi ambacho hata mgeni Steere alikielewa. Yaliyofanyika ufukweni kwake, msiyaige.