Madaraja ya mafuta ya karafuu

Mafuta ya karafuu ni mafuta ya kunukia yanayotolewa katika mkarafuu (Syzygium aromaticum). Hupatikana kwa ukenekaji, yaani mvuke wa maji hupitishwa katika sehemu za mti, huchukua mafuta, kisha hupozwa na mafuta hujitenga na maji. Hutumika katika dawa za meno, sabuni, manukato na vyakula.

Aina

Jambo la kwanza kuuliza kuhusu ubora wake ni sehemu ya mti yalikotoka. Kuna mafuta ya karafuu zenyewe, ya makonyo (vijiti vinavyobaki karafuu zikichambuliwa) na ya majani. Karafuu kavu hutoa mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, makonyo 5 hadi 7, majani 2 hadi 3 tu. Hata hivyo mafuta ya karafuu ndiyo ghali, kwa kuwa karafuu yenyewe ina bei kubwa. Kisiwani Pemba kuna kiwanda cha makonyo huko Wawi, Chake Chake; mafuta ya majani hutoka zaidi Indonesia na Madagaska.

Shirika la Kimataifa la Viwango lina kiwango kwa kila aina: ISO 3142 ni cha karafuu, ISO 3143 cha makonyo, na ISO 3141 cha majani.

Yujenoli

Kemikali kuu ni yujenoli, ambayo hutia ganzi. Wanunuzi wengi hudhani kwamba asilimia yake ikiwa kubwa zaidi, mafuta ni bora zaidi. Sivyo. Mafuta ya makonyo mara nyingi huwa na yujenoli nyingi kuliko ya karafuu. Yale ya karafuu yana pia asetati ya yujenoli, takriban asilimia 10, ambayo katika majani ni haba sana. Kiwanda kinachotaka yujenoli tupu kwa dawa ya kuzibia meno huridhika na majani. Mtengenezaji wa manukato huyaona makali mno.

Udanganyifu

Mafuta safi ni mazito kuliko maji, hivyo tone lake huzama. Jaribio hilo hufichua mchanganyiko mkubwa wa mafuta ya kupikia, lakini si mafuta ya majani yanayouzwa kwa jina la karafuu, maana nayo huzama. Hapo huhitajika maabara yenye kromatografia ya gesi. Rangi nayo haiaminiki: mafuta safi yakigusana na chuma huwa meusi, na ya majani yakikenekwa mara ya pili hung'aa.

Maneno "daraja la tiba" kwenye chupa ni ya muuzaji. Hakuna kiwango cha ISO chenye jina hilo. Wala usafi hauondoi hatari. Watoto wadogo waliomeza mililita 5 hadi 10 wamewahi kupata degedege, kupoteza fahamu na kuharibika ini. Yakipakwa bila kuchanganywa, mafuta ya daraja lolote huweza kuunguza ufizi.