Seva ya hifadhidata: Kipi kiboreshwe kwanza?

Mwenye duka la jumla mjini Mwingi, Kaunti ya Kitui, anayetunza rekodi zake kwa programu ya Microsoft Access, huenda akadhani dawa ya kompyuta zinazokwama wateja wakijaa ni seva yenye prosesa ya kasi. Hapo ndipo fedha hupotea.

Katika Access, seva huhifadhi faili tu. Kazi ya kutafuta na kupanga rekodi hufanywa na kompyuta iliyo mezani pa karani, na data husafiri kwa kebo. Kwa hivyo swichi na kebo za megabiti 100 kwa sekunde zibadilishwe kwanza, ziwekwe za 1,000. Kisha diski ya kuzunguka iipishe SSD. Kumbukumbu ya ziada hufuata. Prosesa huja mwisho.

UPS isisahaulike, kwani umeme ukikatika rekodi ikiandikwa, faili nzima yaweza kuharibika.

Aidha, faili ya Access haiwezi kuzidi gigabaiti 2, hata seva iwe ghali vipi. Ikikaribia hapo, data yafaa ihamishiwe SQL Server, ambako seva yenyewe ndiyo hutafuta rekodi. Huko prosesa na kumbukumbu hustahili gharama yake.