MJUE STEVEN KANUMBA: KUTOKA KAOLE MPAKA NOLLYWOOD

Leo tunamwangalia mtu ambaye hata kama ulikuwa mdogo alipofariki, sura yake unaijua. Wengi wakisikia jina la Kanumba wanakimbilia kwenye kifo na kesi. Haya, tutafika huko, ila tuanze na kazi yake. Maana mtaani bado kuna watu wanadhani jamaa aliibuka tu, sura nzuri na bahati. Siyo kweli hata kidogo.

ALIKOTOKEA
Steven Charles Kanumba alizaliwa tarehe 8 Januari 1984 mkoani Shinyanga. Baba yake ni mzee Charles Kanumba na mama yake ni Flora Mtegoa. Shule ya msingi alisoma Bugoyi, hukohuko Shinyanga. Sekondari alianzia Mwadui, akahamia Dar Christian Seminary, halafu kidato cha tano na sita akapiga Jitegemee (wana Temeke mpo??). Kwa hiyo alikuja mjini kama wengi wetu, kijana wa mkoa mwenye daftari mkononi, hana jina.

KAOLE, SHULE YA PILI
Kwa wale wasiofahamu, TV huku bara ilichelewa sana. ITV ilianza mwaka 1994, na ndipo maigizo ya Kiswahili yakaanza kuingia sebuleni. Watu waliangalia Mambo Hayo, halafu likaja kundi la Kaole Sanaa Group, jina ni lilelile la magofu ya Kaole kule Bagamoyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kanumba akaingia humo, akaonekana kwenye michezo kama Jahazi na Dira. Ambaye hana TV alikwenda kwa jirani, akakaa chini kwenye mkeka, na kesho yake habari ni hiyohiyo kwenye daladala na bombani.

Sasa sikia kazi yenyewe ilivyokuwa. Kwenye makundi ya siku zile mara nyingi hakuna skripti iliyoandikwa neno kwa neno. Mwongozaji anaeleza kisa, wewe mwigizaji unatunga maneno yako hapohapo kamera ikiwa inakuangalia. Ukizubaa, mwenzako anakufunika. Na hela ilikuwa ndogo, wengine walikuwa wanacheza kwa mapenzi tu. Humo walipita Vincent Kigosi (Ray), Blandina Chagula (Johari), Dk. Cheni na wengine wengi. Yaani Kaole ndiyo iliyoizaa Bongo Muvi.

AINGIA KWENYE FILAMU
Filamu za video ziliposhika kasi, hasa baada ya Girlfriend ya mwaka 2003, wasanii wa TV walihamia huko. Kanumba, Ray na Blandina walicheza pamoja Johari, na dada yule jina la Johari likamganda mpaka leo. Mwaka 2006 ikaja Dar to Lagos, akicheza na Wanigeria akiwemo Mercy Johnson. Hapo ndipo alipotofautiana na wenzake. Wakati wengi tulikuwa tunakodi muvi za Nollywood na kuzishangaa, yeye aliwafuata wenyewe akafanya nao kazi. Mwaka 2008 ikatoka Oprah, yupo na Ray na Irene Uwoya. Baadaye akawa na kampuni yake, Kanumba The Great Film. Kwenye This Is It na Uncle JJ akawapa watoto nafasi kubwa, kitu ambacho kilikuwa kigeni kidogo kwetu. Mwaka 2011 akacheza Devil Kingdom na Ramsey Nouah wa Nigeria.

ISHU YA UNG'ENG'E
Mwaka 2009 alialikwa kutembelea jumba la Big Brother Africa kule Afrika Kusini. Aliporudi, watu hawakuuliza alijifunza nini. Walimcheka eti kachapia Kiingereza! Jamani. Sisi tuliosoma sekondari za kawaida tunajua hiyo aibu, mwalimu mwenyewe anafundisha kwa Kiswahili halafu mtihani unakuja kwa ung'eng'e. Kanumba angeweza kujificha. Hakujificha, miaka miwili baadaye yuko kwenye filamu moja na Ramsey. Hilo kwangu ni kubwa kuliko hata tuzo. Na wanaomcheka wajiulize, aliyewaliza watu kwenye Jahazi aliwaliza kwa lugha gani?

KIFO NA KESI
Alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 7 Aprili 2012, wikiendi ya Pasaka, nyumbani kwake Sinza. Alikuwa na miaka 28 tu. Aliagwa viwanja vya Leaders Club tarehe 10 Aprili na kuzikwa makaburi ya Kinondoni. Umati ulikuwa wa kutisha, watu walizimia, barabara zilifunga.

Msanii mwenzake Elizabeth Michael (Lulu) alishtakiwa. Tarehe 13 Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akapewa miaka 2. Mei 2018 alitoka gerezani, akamalizia adhabu kwa kutumikia jamii. Maneno ya mtaani yalikuwa mengi, mara Freemason mara nini, lakini hapa tunabaki na yaliyoamuliwa mahakamani.

TUJIFUNZE NINI
Filamu za enzi zile nyingi ziliuzwa moja kwa moja kwa msambazaji. Msanii anapewa chake mara moja, kopi zinaendelea kuuzwa miaka nenda rudi, na feki nazo zinachomwa huko Kariakoo. Sura inajulikana nchi nzima lakini mfuko hauendani na sura. Kwa hiyo wewe uliyemaliza form four ukitaka kuwa staa, angalia mambo mawili kwa Kanumba. Kwanza alikaa Kaole akajifunza kabla hajaitwa The Great. Pili, jina peke yake halilipi kodi ya nyumba, soma mkataba kabla hujasaini.

Apumzike kwa amani kaka. Na wewe mdau, ya kwake ya kwanza kuiona ilikuwa ipi, na uliiangalia nyumbani kwenu au kwa jirani?