Bima Ndogo: Mahitaji Yanayofuata Msimu

Bima ndogo, au bima ndogondogo kama wengine wanavyoiita, ni bima ya watu wa kipato cha chini: ada kidogo, fidia ya kiasi. Udogo ni wa ada na fidia tu. Hatari ni ileile kubwa, na watu wa Kilwa, kusini mwa pwani ya Tanzania, wanaijua. Januari 2020 mafuriko yaliua watu na kubomoa nyumba. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu maeneo ya Somanga.

Mbona basi wanunuzi ni wachache? Wachumi wanaposema mahitaji ya bima, hawasemi haja peke yake. Wanasema haja, nia, na fedha mkononi siku ada inapodaiwa. Naamini siku hiyo ndiyo yenye uzito kuliko yote. Ufuta huuzwa kuanzia katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba. Mvuvi wa pweza hutegemea bamvua. Wakala akifika Machi, masika yakianza na ghala ni tupu, hata shilingi 30,000, kiwango kilichowekwa mikoani na mfuko wa afya ya jamii (CHF) ulioboreshwa kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, ni mzigo. Magharibi mwa Kenya, Lorenzo Casaburi na Jack Willis walilijaribu jambo hili kwa wakulima wa miwa: waliotakiwa kulipa mapema, asilimia 5 tu walikata bima, walioambiwa ada itakatwa kwenye mauzo, asilimia 72.

Kuna pia suala la imani. Kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Kando ya hisa kuna mfuko wa jamii: ukifiwa leo, unapewa leo, mbele ya wenzako. Kampuni ya bima inataka cheti, fomu na subira. Na aliyelipia kadi ya matibabu akaambiwa dirishani dawa hakuna, mwakani hatalipa, na jirani zake watakuwa wameshasikia.

Lakini mafuriko huwapiga wanakikoba wote usiku mmoja, na sanduku haliwezi kuwafidia wote. Hapo ndipo bima inayokusanya watu wa mikoa mingi ina kazi yake. Malipo ya korosho hupitia mfumo wa stakabadhi ghalani na chama cha msingi cha ushirika, kwa hiyo njia ya kukata ada ipo. Ikatwe humo, ila kwa saini ya mkulima aliyesomewa kiasi na masharti ya fidia, kwani makato asiyoyaelewa ameshayachoka.