Boriti za Chwaka: Msitu na Mji katika Kutwa Moja

Imezoeleka sasa katika kisiwa chetu cha Unguja kwamba mgeni mwenye siku moja tu huuziwa vitu viwili kwa mkupuo: asubuhi msitu wa Jozani, alasiri Mji Mkongwe. Hupewa gari yake peke yake na mtu wa kumwongoza peke yake, akachukuliwa hotelini saa mbili na kurejeshwa magharibi. Katika karatasi ya safari mambo hayo mawili huandikwa mbali mbali, huku maumbile, huku historia, mithili ya watu wawili wasiojuana waliopandishwa gari moja. Mgawanyo huo ulikuwa ukinikera tangu zamani, ila sikuwahi kuupima kwa miguu yangu hadi binti wa mpwa wangu alipokuja kutoka Maskati, akakodi safari ya namna hiyo, akanitaka nifuatane naye.

Nilicheka. Mtu aliyezaliwa Malindi atembezwe Malindi kwa malipo!

"Babu," akasema, "wewe mji unaujua, lakini hujapata kunihadithia."

Nikavaa kofia yangu tukatoka.

Biashara hii ya kumwonyesha mgeni shamba na mji kwa siku moja si mpya kama tunavyodhani. Mnamo 1905 Wamarekani walikamilisha njia ya reli iliyoanzia ubavuni mwa Ngome Kongwe, ikapita kandokando ya pwani hadi Bububu, masafa ya kiasi cha maili saba. Wenyeji waliipanda kwa shughuli zao, lakini abiria wa meli kubwa zilizotia nanga bandarini walihimizwa nao waipande, na behewa maalumu likawekwa kwa ajili yao. Mgeni wa zama zile aliuona mji kwanza, kisha akavutwa na gari moshi kupita Maruhubi, ambako jumba la Sayyid Barghash lilikuwa limekwisha kuungua tangu 1899, akaenda kuangalia minazi na mikarafuu, akarudi melini kabla ya jua kuzama. Reli ile iliacha kuchukua abiria katika miaka ya 1920. Ada yake ikabaki; kilichobadilika ni chombo na upande wa kisiwa.

Na upande huo si jambo dogo. Mgeni wa 1910 alipelekwa kaskazini, kwenye ardhi iliyolimwa. Wa leo hupelekwa kusini mashariki, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, kwenye ardhi iliyokataa kulimwa. Mwongozaji wetu, kijana mwenye adabu na kitambulisho shingoni (alisisitiza kwamba yeye si papasi, nami nikamwamini), alituambia tulipoingia chini ya miti kwamba huu ni msitu wa asili, haujaguswa tangu dunia kuumbwa. Maneno hayo humpendeza mgeni. Lakini Jozani imeguswa sana. Palikatwa mbao, na miongoni mwa mitondoo inayotazamwa leo kwa mshangao, mingi ilipandwa kwa mikono ya watu karne iliyopita. Ulinzi wa serikali ulikuja baadaye, na eneo lote la Jozani na Ghuba ya Chwaka likawa hifadhi ya taifa mnamo 2004 tu.

Swali la historia ni jingine: kwa nini pale pamebaki msitu na kwengine hapakubaki? Jawabu lake ni karafuu. Tangu miaka ya 1830, chini ya Sayyid Said bin Sultan, upande wa magharibi na kaskazini wa Unguja wenye udongo mzito ulifyekwa ukapandwa mikarafuu, na waliofyeka, waliopanda na waliochuma walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, lakini misitu iliyokwisha fyekwa haikurejea. Jozani ilisalimika kwa unyonge wake: bonde linalojaa maji wakati wa masika, limezungukwa na maweni ambako jembe hugonga jiwe kabla ya kuzama. Karafuu haikupataka. Hivyo msitu anaoonyeshwa mgeni ni salio la hesabu ile ile iliyoujenga mji atakaoonyeshwa alasiri. Hayo hayakuwemo katika hadithi ya mwongozaji, wala simlaumu, kwani hayamo hata katika vitabu vingi tulivyosomeshwa.

Kima punju walitokea kando ya barabara, migongo myekundu, wametuzoea hata hawatutazami. Mwongozaji alieleza vizuri kwamba mnyama huyu hapatikani kwa asili popote duniani ila hapa kwetu, na kwamba jina lake la kitaalamu limechukuliwa kutoka kwa John Kirk, balozi wa Kiingereza wa karne ya 19. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilikuta zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyokuwa ikidhaniwa. Binti akauliza maana ya punju. Kijana akasita. Nikamjibia mimi kwamba punju ni sumu, na kwamba wakulima wa maeneo haya hawakumwita hivyo kwa mapenzi; waliamini mti anaokula hupukutika na kufa, na mashamba yao yaliyopakana na msitu yaliliwa kweli. Baadaye sehemu ya kiingilio cha wageni ikaanza kurejeshwa kwa wakulima hao, na matuta yakawekwa barabarani ili magari yasiwaue wanyama. Uadui wa zamani ukageuzwa hesabu ya fedha. Ni suluhu, japo jina halikubadilika.

Lakini mahali nilipotaka tukae ni Pete, kwenye njia ya mbao iliyojengwa juu ya mikoko. Maji yalikuwa yakipwa, kaa wadogo wakikimbilia mashimoni. Kijana akaeleza namna mizizi inavyopumua, na namna mikoko inavyotunza mazalio ya samaki na kuzuia pwani isiliwe na bahari. Yote kweli. Kisha akatazama saa, akasema, "Maalim, tukiondoka sasa tutawahi chakula mjini."

Nikamwomba dakika kumi. Nikamwonyesha binti mkandaa, kisha muia, kisha mkoko wenyewe, ulionyooka kama ulinyooshwa na fundi. Nikamwambia kwamba wazee hawakuiita miti hii maumbile. Waliigawa kwa unene, kila unene na jina lake na kazi yake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Waliihesabu kwa korija, ishirini ishirini, na majahazi ya kusi yaliipakia yakaenda nayo Arabuni na Ghuba, kwenye nchi isiyokuwa na mti wa kuezekea. Maskati alikotoka yeye, Basra, Kuwait, zote zilikuwa na vyumba vya kale vilivyofunikwa kwa miti ya mwambao wetu. Boriti nyingi zaidi zilitoka katika delta ya Rufiji na Lamu. Mikoko ya Chwaka ililisha zaidi majenzi ya hapa nyumbani. Akainama akaugusa mti.

"Basi nyumba ya bibi?"

"Tutakwenda," nikasema.

Tulifika mjini adhuhuri. Baada ya sala na chakula kijana alitaka kuanza na milango, maana milango ndiyo ipendwayo na kamera. Tukaangalia milango: ya mviringo juu yenye athari za Kihindi, ya mraba yenye maandishi, misumari ya shaba, minyororo iliyochongwa pembezoni. Nilimwacha amalize. Kisha tukaingia, kwa hisani ya wanaoishi humo leo, katika nyumba ambamo bibi yake alizaliwa na ambayo hakuiona tena baada ya 1964. Sitasema mengi juu ya nusu saa ile. Binti alikuwa amekuja na picha moja ya zamani, akaishika mkononi asiitoe.

Nilimwambia atazame juu. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, kama vilivyo vyumba vyetu vyote vya kale. Wageni hudhani wembamba huo ni desturi ya Waarabu, au hila ya kukimbia jua. Sababu yake kubwa ni boriti. Mkoko haubebi dari nzito ukizidi urefu fulani, na kwa hivyo ukuta na ukuta havikuweza kuachana kwa zaidi ya mita tatu hivi. Juu ya boriti yalipangwa mawe, na juu ya mawe chokaa na kokoto vilivyopigwa siku nyingi kwa vipande vya miti mpaka vikashikana, mara nyingi na wanawake walioifanya kazi hiyo kwa nyimbo. Kuta ni mawe ya matumbawe na udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa, na chokaa nayo ni tumbawe lililochomwa juu ya rundo la magogo. Mji mzima, ukiufikiri hivyo, ni bahari na msitu vilivyobebwa mabegani na kupangwa upya.

Kijana alikuwa anasikiliza kwa makini sasa. Akahesabu boriti kwa kidole, akatoa daftari lake.

Mabega hayo ndiyo yaliyotupeleka Mkunazini, kituo ambacho hakuna safari inayokikosa. Hapo palikuwa soko la watumwa lililofungwa Juni 1873, baada ya Sayyid Barghash kutia saini mkataba chini ya vitisho vya manowari za Kiingereza. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa, nalo likajengwa chini ya uangalizi wa Askofu Edward Steere, yule yule ambaye kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka 1870. Kijana alitueleza kuhusu nguzo ndogo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, akatuonyesha sanamu za watu watano waliofungwa mnyororo shimoni. Kisha akatuteremsha katika vyumba viwili vya chini ya jengo la jirani, vifupi hata mtu hawezi kusimama wima, akashusha sauti, akataja idadi ya wanawake na watoto waliojazwa chumba kimoja, na ya wanaume waliojazwa chumba cha pili, wakingoja kuuzwa.

Binti alikaa kwenye ukingo wa jiwe akalia. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini ili kijana asisikie: "Babu, watu wetu walikuwa upande gani?"

Ni juu ya vyumba vile ndipo mwandishi wa historia hana budi kusema neno lisilopendeza. Jengo lile lilijengwa na wamisionari katika miaka ya 1890 liwe hospitali, karibu miaka ishirini baada ya soko kufungwa. Chumba hakiwezi kuwa kikongwe kuliko nyumba iliyo juu yake, na wanahistoria wa hapa kwetu wamekwisha kulisema hilo kwa muda mrefu. Wapo wanaoogopa kwamba tukikana vyumba tutakuwa tumekana utumwa. Mimi naona kinyume chake. Vyumba vile vinatusaidia sisi wenyeji kuliko vinavyowasaidia waliouzwa, kwa sababu vinauweka uovu wote mahali pamoja, chini ya ardhi, penye mlango wa kulipia. Watumwa waliongoja kuuzwa, na wale waliokwisha kununuliwa, walikaa katika nyumba za mji: nyuma ya milango ile ile tuliyoipiga picha saa mbili kabla, chini ya boriti zile zile. Wapagazi wa mawe, wachoma chokaa na wapiga sakafu wa karne ile wengi wao hawakuwa huru, na utumwa wenyewe haukuondolewa nguvu ya sheria hapa Unguja mpaka 1897.

Basi nikamjibu kwamba watu wetu walikuwa upande wa juu, ghorofani, na kwamba waliokuwa chini walikuwa katika nyumba ile ile, si humu. Hakusema kitu. Tulipotoka juani nilimrudia kijana, nikamweleza habari ya jengo na tarehe zake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Naijua, Maalim," akasema. "Tulisomeshwa. Lakini mgeni akifika pale ameshaambiwa na wenzake kuwa kuna mahandaki. Nikimwambia si ya watumwa, anaona nimemwibia."

Jawabu hilo nimelifikiri sana tangu siku ile. Huyu hakuwa mjinga wa historia. Alikuwa mtu anayelipwa kwa siku, na hadithi ndiyo bidhaa yake. Makosa mengi tunayowatupia vijana hawa ni yetu sisi tunaoandika kwa lugha na mahali wasipofika.

Jua lilikuwa limeinama tulipopita Forodhani kuelekea Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mnamo 1883. Hilo ndilo lililovunja sheria ya boriti: mihimili ya chuma iliyoletwa kwa meli ndiyo iliyoruhusu kumbi pana ambazo mkoko usingeziweza, na watu wakaliita la ajabu. Mnara wa saa uliokuwa mbele yake uliwekwa baada ya mizinga ya Kiingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Mwaka 2012 sehemu yake ilianza kuanguka, na tarehe 25 Desemba 2020 upande mkubwa ukaporomoka, wakafa watu wawili. Majengo mengi ya mji huu yameuawa polepole kwa namna nyingine, kwa kutiwa saruji palipotakiwa chokaa, maana saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta mpaka tumbawe linaoza. Mafundi wanaojua kuchoma na kulaza chokaa ni wachache, na boriti nene na ndefu za kubadilisha zilizokufa ni taabu kupatikana, kwa kuwa mikoko ya Chwaka imekatwa sana na sasa inahifadhiwa. Msitu uliohifadhiwa kwa ajili ya mgeni wa asubuhi hauwezi tena kuezeka nyumba anayoonyeshwa alasiri.

Kijana aliliandika hilo pia. Aliuliza tahajia ya neno korija, na kama ni kweli ni ishirini. Nikamwambia ni kweli. Binti akamlipa, akamwongeza, tukarudi Malindi kwa miguu, na njiani alikuwa akitazama juu kila palipokuwa na dirisha wazi.