Motokaa Katika Bahari ya Mchanga

Kijana akiingiwa na shauku ya kujitengenezea gari la kwendea nyika pasipo barabara, swali lake la kwanza aghalabu huwa la nguvu. Huuliza injini iwe kubwa kiasi gani, mipira iwe mipana kiasi gani, na ni magurudumu mangapi yatakayosukuma. Maswali hayo si mabaya, lakini si ya kwanza. Historia ya motokaa katika Jangwa la Libya yatufundisha kwamba gari la nyika lililo salama hutengenezwa kwanza kwa kupima: kupima uzito, maji, ardhi, na umbali wa kurudi nyumbani. Nguvu hufuata nyuma ya vipimo hivyo.

Jangwa hilo liko magharibi ya mto Nile. Limeenea katika Misri ya magharibi, Libya ya mashariki na pembe ya kaskazini-magharibi ya Sudani. Ziko sehemu zake ambazo hupita miaka bila kuona tone la mvua. Ndani yake mna Bahari Kuu ya Mchanga, safu za vilima vya mchanga zilizojipanga kama mawimbi kwa zaidi ya kilomita 600 kutoka kaskazini hata kusini. Visima ni vichache, na kati ya kisima na kisima mtu aweza kwenda siku nyingi asione jani.

Isidhaniwe kuwa nchi hiyo haikuwa na wenyewe. Wafugaji na wasafiri wa ngamia walizijua njia zake kwa vizazi vingi. Katika mwaka 1923 Mmisri mmoja, Ahmed Hassanein, alifunga safari kwa ngamia kutoka Sallum, pwani ya Mediterania, akafika El Obeid katika Sudani baada ya kwenda zaidi ya kilomita 3,000. Katika miaka hiyo hiyo mwana wa mfalme wa Misri, Kemal el Din, aliingia jangwani kwa magari ya Citroën yaliyotembea kwa mikanda badala ya magurudumu ya nyuma. Yalikuwa magari ya kitajiri, na misafara yake ilihitaji mali nyingi. Ilielekea kuwa asiye na hazina ya kifalme hana budi kukaa pembeni na kutazama.

Waliolikanusha wazo hilo walikuwa maofisa vijana wa jeshi la Uingereza waliokaa Kairo. Aliyewaongoza alikuwa Ralph Bagnold, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1896. Jeshi halikuwatuma. Walisafiri wakati wa likizo zao na kwa fedha zao wenyewe, katika motokaa za Ford aina ya T, za bei nafuu, zenye nguvu za farasi 20 tu. Injini ilizungusha magurudumu mawili ya nyuma, na petroli ilishuka kwenye injini kwa uzito wake, hata mtu akipanda mlima mkali na tangi limekaribia kwisha, ilimbidi ageuze gari apande kinyumenyume. Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Vijana hao walilitwaa jembe walilokuwa nalo, wakaanza kulima.

Walianza kwa safari fupi. Walikwenda Sinai, wakarudi. Wakaenda mbali zaidi, wakarudi tena. Kila safari iliwaonyesha kilichovunjika, kilichokosekana, na kilichobebwa bure. Mwaka 1929, walipojitosa katika Bahari Kuu ya Mchanga, walikuwa wamehamia kwenye Ford aina ya A, yenye nguvu za farasi 40, breki katika magurudumu yote manne, na kioo cha mbele kisichotawanya vipande vikali kikivunjika.

Jambo la kwanza walilolitengeneza lilikuwa uzito. Kila ratili isiyo na kazi ilikuwa adui, maana mchanga humeza kilicho kizito. Waliondoa kila walichoweza kukiondoa, na nafasi iliyopatikana wakaitia petroli, maji, chakula na vipuri. Springi, ambazo hubeba yote, waliziimarisha. Hivyo gari halikuongezwa kitu ila kwa hoja, wala halikupunguzwa kitu ila kwa hoja.

Jambo la pili lilikuwa maji. Gari linalokwenda polepole katika mchanga laini, na upepo ukivuma nyuma yake, huchemsha maji ya rejeta, na mvuke hutoka ukapotea hewani. Jangwani kupoteza maji hayo ni kupoteza uhai. Bagnold na wenzake waliziba mianya yote ya rejeta, wakaacha mpira mmoja unaokwenda hadi kwenye kopo lililofungwa ubavuni mwa gari, nalo limetiwa maji nusu. Mvuke ulipoingia katika maji ya kopo uligeuka maji tena. Kopo lenyewe lilipoanza kuchemka, dereva alisimama na kulielekeza gari kwenye upepo. Injini ikipoa, mvuke uliobaki ndani ya rejeta hujikusanya, pakawa na utupu, na utupu huo ukayavuta maji yote kutoka kwenye kopo hata rejeta ikajaa. Hakuna tone lililopotea. Msomaji aliyejifunza habari za mvuke darasani na aone jinsi somo lile lilivyookoa maisha ya watu.

Jambo la tatu lilikuwa kujinasua. Katika duka la vyuma vikuukuu mjini Kairo, Bagnold aliona vipande virefu vya chuma vyenye umbo la mfereji, vilivyopata kutumika kuezekea mahandaki ya vita. Alivinunua. Gari lilipozama, walifukua mchanga mbele ya magurudumu ya nyuma, wakasukumiza vyuma hivyo chini yake, na gari likapata sakafu ngumu ya kuondokea. Vilevile walijifunza kupunguza upepo wa mipira wanapoingia mchangani, ili mpira utandae na kuugawanya uzito, kisha kuijaza tena wanapofika penye mawe au barabara ngumu. Mpira laini ukiendeshwa kwa kasi juu ya barabara hupata moto ukapasuka.

Jambo la nne lilikuwa kujua waliko. Dira ya sumaku hudanganywa na chuma cha gari. Basi walitumia dira ya jua: sahani iliyochorwa nyuzi, na katikati yake sindano imesimama wima. Dereva aliongoza gari ili kivuli cha sindano kiangukie alama iliyopasa kwa saa ile. Usiku walizipima nyota ili kuhakikisha hesabu ya mchana.

Baada ya kupima ndipo waliponuia kujaribu. Katika Bahari Kuu ya Mchanga, Bagnold aliona kilima kirefu cha mchanga, akakiendea kwa kasi ya maili 40 kwa saa. Wenzake walitazamia kumwona akikwama. Badala yake gari lilipanda kwa ulaini hata kileleni, kwa kuwa ubavu ule ulishindiliwa na upepo ukawa mgumu. Lakini hapo hapo walijifunza hatari yake. Upande wa pili wa kilima ni mporomoko wa nyuzi zipatazo 33, na anayekipita kilele bila kutazama aweza kulipindua gari na kuvunja mgongo wake. Kasi iliyo salama wakati wa kupanda ni mauti wakati wa kuvuka. Dereva alipaswa kujua mahali pa kuikomesha.

Mwaka 1939, vita vikiwa vimeanza, Bagnold aliitwa tena jeshini akapangiwa kuja Kenya. Meli yake iligongana na nyingine katika Mediterania, akashushwa Port Said. Ajali hiyo ikaibadili njia yake: hakufika Kenya, akabaki Misri, nchi aliyoijua. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, Jenerali Wavell alimpa wiki 6 aunde kikosi cha kwenda masafa marefu jangwani. Malori ya Chevrolet yalipatikana, mengine kwa wafanyabiashara na mengine kwa jeshi la Misri. Yaliondolewa milango na vioo vya mbele, yakatiwa springi za nguvu, makopo ya mvuke, vyuma vya mchanga na dira za jua. Yale yaliyojaribiwa na wasafiri wachache wakati wa likizo yakawa kanuni ya jeshi. Watu wa kwanza wa kikosi hicho walitoka New Zealand, wengi wao wakulima waliozoea kutengeneza mashine zao wenyewe.

Mwaka 1941 kikosi kilipewa malori ya Ford ambayo injini ilizungusha magurudumu yote manne. Ungedhani sasa kazi imerahisika. Kumbe malori hayo yalikuwa mazito, na yalikunywa petroli nyingi. Na jangwani kila galoni inayonywewa na injini ni galoni iliyobebwa kutoka mbali. Mwaka 1942 kikosi kilirudia Chevrolet, zenye kusukuma kwa magurudumu mawili. Hapana shaka magurudumu manne ni msaada mkubwa mahali pengi. Lakini msaada usiopigiwa hesabu hugeuka mzigo.

Na hesabu hiyo ilikuwa ya uhai. Januari 1941, karibu na Gebel Sherif, malori kadhaa ya kikosi hicho yalishambuliwa na kuchomwa moto. Askari wanne, wakiongozwa na Ronald Moore wa New Zealand, waliachwa bila gari, na maji yasiyotimia galoni 2. Walikwenda kwa miguu siku 10, zaidi ya maili 200, kabla ya kupatikana, na mmoja wao, John Easton, akafa kwa taabu hiyo. Kifo chake chatuonyesha umbali uliopo kati ya mtu mwenye gari na mtu asiye nalo. Ndiyo maana Bagnold hakupenda gari liende peke yake, wala vipuri na maji vikae katika gari moja. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kijana wa leo hatakwenda vitani, lakini gari lake lina mabwana wawili: nyika na barabara. Malori yale yasiyo na milango wala kioo cha mbele yalikuwa na udhuru wa vita. Raia hana udhuru huo. Sheria ya Barabarani ya Kenya, Sura ya 403, yataka gari liandikishwe, breki, usukani na taa zake ziwe timamu, na mabadiliko yanayoligeuza gari na maandishi ya kuandikishwa kwake yajulishwe wenye mamlaka. Sheria hiyo hailengi kumwonea mwenye bidii. Gari likiinuliwa juu mno ili lipite juu ya mawe, uzito wake nao hupanda, na kona ambayo jana lilipita salama leo laweza kulipindua. Mwendeshaji aweza kuyakubali madhara yake mwenyewe. Hana haki ya kuyakubali kwa niaba ya mtoto avukaye barabara. Basi anayeanza na aanze na breki, usukani na mipira. Baadaye ajaribu karibu na nyumbani, na mwenzake mwenye gari jingine, huku akiandika kila kinachovunjika. Akitaka kuvuka Chalbi, na aulize wenyeji kwanza, kwa maana uwanda ule mgumu wakati wa kiangazi hugeuka tope mvua ikinyesha.

Bagnold hakuacha kupima hata baada ya safari zake. Alijenga njia ya upepo ya kuchunguza jinsi chembe za mchanga zinavyoruka, na mwaka 1941 kitabu chake juu ya elimu hiyo kilichapishwa. Alifariki mwaka 1990. Mwishoni mwa mwaka 2015 gari lisilo na dereva, liitwalo Curiosity, lilifika kwenye vilima vya mchanga katika sayari ya Mirihi. Wataalamu walikuwa wameviita vilima hivyo kwa jina la Bagnold. Hata huko, pasipo mtu wa kulinasua, gari lilikwenda taratibu, likiupima mchanga kabla ya kuukanyaga.